Stika Hushika Rangi, Si Ukuta

Kibanda cha wakala wa pesa kwenye kona yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi kina historia ya kampuni za simu ukutani mwake. Celtel iligeuka Zain mwaka 2008, Zain ikageuka Airtel mwaka 2010, na Tigo ya Tanzania ikawa Yas mwishoni mwa 2024. Kila jina jipya lilikuja na rangi yake, na mara nyingi rangi hiyo ilipakwa juu ya ile ya zamani bila ya zamani kukwanguliwa. Ukibandika stika ya vinili kwenye ukuta wa namna hiyo, gundi yake haikutani na saruji wala bati. Inakutana na rangi ya mwisho. Rangi ya mwisho imeshika ya katikati, ya katikati imeshika ya chini, na ya chini peke yake ndiyo iliyoshika ukuta. Moja kati ya hizo ikiachia, stika inaanguka.

Ikianguka, lawama humwendea aliyeibandika, au vinili yenyewe huitwa feki. Ni kweli vinili feki zipo. Lakini kabla ya kumtuhumu mtu, okota kipande kilichodondoka ukigeuze. Mgongo wake una maelezo kamili. Ukikuta magamba ya rangi yameng'ang'ania gundi, gundi ilifanya kazi yake na kilichoshindwa ni rangi. Ukikuta unga mwembamba kama wa chaki, rangi ilikwisha kufa kabla stika haijafika. Ukikuta gundi safi, inayong'aa na bado inanata kidoleni, basi kulikuwa na kitu kati yake na ukuta: mafuta, nta, unyevu, au baridi siku ya kazi. Sijaona kipimo cha bei rahisi kuliko hiki, na nashangaa kwamba kazi nyingi zinazorudiwa hurudiwa bila mtu kutazama mgongo wa ile ya kwanza.

Sokoni swali la kwanza la mteja huwa stika itadumu miaka mingapi, na jibu husomwa kwenye boksi la vinili: mitano, saba, kumi. Miaka hiyo mtengenezaji aliipima juu ya uso safi, laini na imara. Kwa magari, dhamana za watengenezaji wengi husimama juu ya rangi ya kiwandani tu. Msimamo wangu ni kwamba umri wa stika huamuliwa kabla vinili haijakunjuliwa, na huamuliwa na historia ya rangi iliyo chini. Ndiyo maana maswali yenye faida ni mengine: rangi hii ni ya aina gani, ilipakwa lini, juu ya nini, na nani amewahi kuipitishia nini.

Tuanze na lini, kwa sababu hapo ndipo haraka ya mteja na kemia ya rangi hugombana zaidi.

Duka linafunguliwa Jumamosi, ukuta umepakwa Jumatano, fundi wa stika anaitwa Ijumaa. Rangi imekauka: ukiigusa haishiki kidole. Lakini rangi ya mafuta inayotumika kwenye milango, mageti na vibanda vya bati haikauki kama nguo. Kwanza thina yake huruka hewani, kisha mafuta yaliyomo huanza kuungana na hewa ya oksijeni na kugeuka ngozi ngumu, kuanzia juu kwenda chini. Juu hukauka kwa saa chache. Chini huendelea kwa majuma, na muda wote huo mvuke wa thina unatafuta njia ya kutoka. Vinili ni plastiki isiyopitisha mvuke kwa urahisi. Ukiifunika rangi hiyo, mvuke unakwama katikati, jua la mchana linautanua, na kesho yake stika nzima imetapakaa viputo. Fundi hutoboa viputo kwa sindano, akavisukuma, vikalala. Baada ya siku mbili vinarudi, kwa sababu chanzo hakijaguswa. Ubaya zaidi ni ule usioonekana: mvuke huo hulainisha gundi, na stika hujisogeza, hujikunja pembeni au huacha mistari ya gundi inayokusanya vumbi jeusi.

ORAFOL ya Ujerumani, mojawapo ya kampuni kubwa za vinili, huandika katika karatasi za maelezo ya bidhaa zake kwamba uso uliopakwa rangi mpya usibandikwe kitu kabla ya wiki 3 kupita na rangi kukomaa kabisa. Kwa kuta za ndani zilizopakwa rangi ya maji, wengi kwenye kazi hii husubiri mwezi mzima. Ukuta ukiwa na plasta mpya, hesabu huanza nyuma zaidi: saruji yenyewe hupimwa nguvu zake siku ya 28, na hadi hapo bado inatoa maji na magadi yanayoichokoza rangi iliyo juu yake. Kwa hiyo duka la Jumamosi, kwa haki, lilipaswa kupakwa rangi mwezi uliotangulia.

Rangi za magari zina mwendo wao. Rangi ya kiwandani huchomwa kwenye oveni kwa joto la karibu nyuzi 140, na gari linapotoka pale rangi imekwisha kukomaa. Rangi ya 2K inayopulizwa gereji huchanganywa na hadina, yaani kigumishi, nayo hukomaa kwa kemia yake yenyewe, haraka kuliko rangi ya mafuta, mradi fundi hakupunguza hadina ili kuokoa pesa. Aliyeipunguza ameiacha rangi ikiwa laini kwa miezi, na hakuna atakayegundua kwa macho.

Njia ya kujua inahitaji uvumilivu wa siku moja. Chukua kipande cha vinili ileile itakayotumika, upana wa karatasi ya kuandikia hivi, kibandike mahali palipo na jua, ukisugue vizuri, ukiache saa 24. Kikiwa na viputo kesho yake, rangi bado inapumua. Subiri wiki, rudia. Kikiwa kimelala safi, kivute kwa mkono mmoja, polepole, ukikikunja kurudi nyuma. Sikiliza na utazame. Kinapaswa kuvutika kwa shida, na nyuma yake kuacha rangi nzima. Kikija chepesi kama karatasi iliyolowa, kuna uchafu au rangi isiyotaka kushikwa. Kikija na rangi, usibandike chochote hapo.

Hilo la mwisho ndilo tatizo la vibanda vya kona. Rangi ya maji iliyopakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa, bila msasa, haikujikita popote, imelala tu. Inaweza kukaa miaka ikiwa hakuna anayeivuta, lakini vinili ni mvutaji. Vinili ya bei nafuu, ile inayotengenezwa kwa kukamuliwa kati ya mitambo ya mviringo kama unga wa chapati, hubaki na kumbukumbu ya umbo lake la kwanza na hutaka kusinyaa kidogo kila jua linapoipiga. Kusinyaa huko huanzia pembeni, na pembe inapojikunja huinua rangi iliyo chini yake. Vinili ya kumiminwa, iliyo nyembamba kiasi cha maikroni 50, husinyaa kidogo sana, na ndiyo sababu ya bei yake. Hata hivyo hakuna vinili ya bei yoyote inayoweza kugundisha rangi kwenye ukuta uliokwisha kuikataa.

Wakaguzi wa rangi wana kipimo rasmi, ISO 2409: unachora kwa kisu mistari 6 ya wima na 6 ya mlalo, karibu karibu, mpaka ufike chini ya rangi, unabandika utepe juu ya vile viboksi na kuuvuta. Matokeo hupewa daraja kutoka 0, ambapo hakuna kiboksi kilichong'oka, hadi 5, ambapo zaidi ya asilimia 65 ya eneo imeondoka. Fundi hahitaji kununua kitabu cha kiwango hicho. Kisu kikali, utepe mzuri, na sehemu ya ukuta isiyoonekana sana vinatosha kumpa jibu la kumwonyesha mteja, na jibu linaloonekana kwa macho humaliza mabishano mengi. Viboksi viking'oka kwa wingi, dawa ni moja: kwangua hadi kwenye tabaka linaloshika, piga msasa, paka praima, paka rangi mpya, kisha rudi kwenye kusubiri. Hakuna njia ya mkato hapa, na anayeuza njia ya mkato anauza kazi ya kurudiwa.

Kwenye magari, mtego uleule hujificha vizuri zaidi. Hiace au Coaster nyingi zinazobeba abiria wetu zimetoka Japani zikiwa zimetumika, na tangu zifike zimegongwa, zimenyooshwa, zimepigwa pati na kupulizwa rangi kipande kimoja kimoja. Mlango wa kushoto unaweza kuwa na rangi ya kiwandani, wa kulia ukawa na rangi tatu za gereji tatu. Daladala ikibadilishiwa njia hupakwa mstari mpya wa rangi juu ya wa zamani, na ukingo wa mstari huo huwa kama ngazi ndogo. Vinili na gundi yake kwa pamoja havizidi sana unene wa unywele mmoja wa mtu, kwa hiyo ngazi hiyo, mkwaruzo wa msasa mkali na hata punje ya mchanga vitaonekana vyote jua la jioni likipiga ubavuni.

Kabla ya kukubali kazi ya gari, zunguka na kutazama mipira ya milango na taa. Vitone vya rangi kwenye mpira ni ushahidi kwamba hapo palipulizwa. Mwenye kifaa cha kupimia unene wa rangi atapata picha iliyo wazi zaidi: rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa na maikroni 100 hadi 180, na namba ikiruka kufika mamia mengi, chini kuna pati. Umuhimu wa hili huonekana siku ya kutoa stika kuliko siku ya kubandika. Mkataba wa tangazo ukiisha, mwenye basi hutaka basi lake lirudi lilivyokuwa. Rangi ya kiwandani huvumilia kuvutwa kwa joto la polepole. Rangi ya gereji iliyopulizwa bila msasa wa kutosha hutoka na stika, kipande kikubwa kama kiganja, hadi kwenye bati. Mwenye basi aliyeonywa mapema kwa maandishi ataelewa. Asiyeonywa atadai rangi ya basi zima.

Na kuna kisu. Fundi anayekata vinili juu ya mwili wa gari, akifuata ukingo wa mlango kwa wembe, mara nyingi hukata na rangi. Mwanzo hakionekani kitu. Mombasa, Tanga au Zanzibar, penye hewa ya chumvi, mstari mwembamba wa kutu hujitokeza baadaye ukifuata njia ileile ya wembe. Kuna tepu zenye uzi ndani yake ambazo hukata vinili kutokea chini bila kisu kugusa rangi. Nadhani fundi yeyote anayefanya magari kwa riziki yake anapaswa kuwa nazo.

Sasa ule unga kama wa chaki. Jua la Ikweta huivunja gundi inayoshikilia chembe za rangi, na chembe hubaki juu zikiwa huru. Pitisha kiganja, au bora zaidi kitambaa cheusi, kwenye geti la bluu lililokaa juani miaka mitano. Kitambaa kikitoka na bluu, ujue stika itashika unga, na unga haujashika kitu. Kuosha kwa brashi na maji huondoa unga wa juu. Uso ukikauka, futa tena. Kitambaa kikiendelea kuchafuka, gari lisuguliwe kwa polishi ya kukata mpaka lifike kwenye rangi hai, na ukuta upigwe msasa na praima ya kufunga. Ukuta wa chokaa hauna hata mjadala huo. Chokaa ni unga tangu siku ya kwanza.

Usafi ndio sehemu ambayo kila mtu anaamini anaijua, na ndiyo yenye mazoea mabaya zaidi. Kitambaa chenye petroli kimekuwa dawa ya kila kitu. Petroli huondoa lami na gundi ya zamani, lakini ikiruka huacha ukungu mwembamba wa mafuta, na mafuta ya taa huacha mwingi zaidi. Thina nayo hulainisha rangi ambayo haikuchomwa oveni, na hurudisha ndani ya rangi ule mvuke uliosubiriwa wiki tatu utoke. Mpangilio unaofaa ni huu: maji na sabuni isiyo na losheni wala nta kwanza, ili kutoa vumbi na chumvi, maji matupu ya kusuuza, kwa sababu mabaki ya sabuni nayo ni uchafu, kiyeyushi cha kutoa grisi pale tu penye grisi, na mwisho kabisa alkoholi ya isopropili, sehemu 70 kwa 30 za maji. Alkoholi hupakwa kwa kitambaa kimoja na kukaushwa kwa kingine kabla haijaruka yenyewe. Ikiachwa iruke, uchafu ulioyeyushwa hurudi pale pale ulipokuwa, umesambazwa vizuri zaidi.

Adui mkubwa wa gundi kwenye magari ni silikoni iliyomo katika vipulizio vya kung'arisha dashibodi na matairi. Kijana wa kuosha magari anapopulizia matairi, upepo hupeleka matone kwenye milango na sketi za chini, pale hasa ambapo stika hupitia. Ndiyo sababu gari la kubandikwa stika lioshwe bila mng'aro wowote. Kwenye kuta za mikahawa tatizo ni moshi wa kukaangia, ambao hutua juu kuliko watu wanavyofikiri. Ukuta karibu na dari huwa na mafuta kuliko ule wa usawa wa meza.

Namna ya kupima ni kumwaga maji. Uso unaokubali gundi huyaacha maji yatandae. Uso wenye nta au silikoni huyakusanya yawe vitone vya mviringo, kwa sababu nguvu ya uso wake ni ndogo mno kuyavuta. Maji yana nguvu ya uso ya karibu milinyutoni 73 kwa mita, ilhali plastiki laini kama ya ndoo ina 31 hivi, na mafundi wa gundi hupenda uso wenye 38 au zaidi. Kipimo hicho kifanyike baada ya kusuuza, maana sabuni iliyobaki hutandaza maji na kudanganya.

Kuna rangi za ndani zinazoleta shida mpya, na wabunifu wa ofisi wanapaswa kuzijua kabla ya kuchora ukuta mzima wa picha. Ni zile zinazouzwa kwa sifa ya kufutika uchafu kwa urahisi, na baadhi ya zile zisizo na harufu. Ili uchafu usishike, au ili rangi ipakike bila viyeyushi vikali, huongezwa viungo ambavyo hupanda juu na kukaa usoni. Kitu kinachozuia wino wa mtoto kushika ukuta hakitaipa nafasi gundi ya stika. Mbunifu akichagua rangi hiyo kwa ukumbi na stika kwa ukuta uleule, amechagua vitu viwili vinavyokataana. Ukuta wa stika upewe rangi ya kawaida yenye mng'aro wa wastani, hata kama kuta nyingine tatu zitapakwa ile nyingine.

Ukuta wenye unyevu haufai kitu. Pwani, maji hupanda kutoka msingi yakibeba chumvi, na chumvi hiyo huchanua juu ya plasta kama unga mweupe. Stika huziba njia ya unyevu kutokea, unyevu hutafuta pengine, na rangi huvimba malengelenge nyuma ya picha nzuri. Anayebandika baada ya masika asubiri ukuta ukauke kweli. Hali ya hewa ya siku ya kazi nayo ina neno: gundi nyingi huhitaji uso wenye joto la angalau nyuzi 10, na asubuhi ya Julai Njombe au Limuru bati laweza kuwa chini ya hapo. Upande wa pili, boneti iliyosimama juani Februari huko Dar hupata moto wa kuunguza mkono. Vinili hulainika na kunyooka, na gundi hunata pale ilipogusa bila nafasi ya kurekebisha. Kivulini, mapema au jioni, ndiyo saa ya kazi.

Vumbi la msasa lisichukuliwe kama usumbufu tu. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira hupendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni kwa sababu hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Geti la zamani lisuguliwe kwa msasa wa maji, tope lake lifutwe na kutupwa, na watoto wa mtaa wasiruhusiwe kusimama kutazama.

Yote haya hugharimu muda, na hapo ndipo soko letu lilipojikwaa. Bei ya stika hutajwa kwa mita ya mraba, kubandika kukiwa ndani yake, na maandalizi hayaandikwi popote. Kisichoandikwa hakilipwi, na kisicholipwa hufanywa kwa kitambaa cha petroli dakika tano kabla ya kazi. Fundi mwangalifu akiongeza siku ya kupima na siku ya kuosha, bei yake hupanda na mteja humwendea jirani. Suluhisho ninaloliona ni la karatasi moja: maandalizi yawe mstari wake katika ankara, wenye bei yake, pamoja na sentensi inayosema rangi ilikutwaje na kipande cha majaribio kilitoa nini. Mteja ana haki ya kukataa mstari huo. Akiukata, atakuwa ameukata kwa saini yake.

Na zipo nyuso ambazo fundi wa stika anapaswa kuzikataa hata zikilipiwa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa ili zipumue. Plastiki haizifai kitu. Vivyo hivyo ukuta wa plasta mbaya yenye mchanga unaochuruzika, au bati lililoota kutu chini ya rangi. Mteja mwenye ukuta wa namna hiyo aelekezwe kwenye ubao wa alumini uliobandikwa stika karakana kisha ukafungwa kwa skurubu, au kwa mchoraji wa brashi, ambaye rangi yake huingia kwenye vinyweleo vya ukuta na ikichakaa hurudishiwa palepale kwa kopo dogo la rangi.